Je, Mashine ya Kazi Tatu Ifungiwe Mlango?

Muhula huu hapana jambo lililozungumzwa sana katika mabweni yetu kuliko ile mashine mpya ambayo ni kompyuta, na kishikwambi, na chombo cha michezo, vyote katika mwili mmoja. Wenye kuitamani ni wengi. Wenye kuiogopa nao si wachache, na baadhi yao ni walimu wetu ambao twawaheshimu. Chama cha Mijadala kilishindana juu ya habari hii jioni mbili, na kila upande ulikwenda kulala ukisema umeshinda. Nami naomba nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili niseme nionavyo, kwa kuwa jambo lenyewe si la mashine tu. Ni la kanuni ya shule, na kanuni isiyofaa huwasumbua hata wale ambao hawana mashine yo yote.

Kwanza yafaa tujue tunazungumza juu ya kitu gani, maana katika mjadala niliwasikia watu wakigombania kitu ambacho hawakukubaliana ni nini.

Mwaka 2017 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Switch. Hiyo huchezewa mkononi, au huunganishwa na televisheni, na vishikio vyake vya kuume na vya kushoto huchomoka. Lakini Switch ni ya michezo. Huwezi kuandikia insha wala kupangia hesabu za duka. Mwaka 2022 kampuni ya Valve ya Marekani ikatoa Steam Deck, yenye kioo cha inchi 7 na uzito wa gramu 669 hivi. Kwa nje Steam Deck ni ya michezo kabisa, bali kwa ndani ni kompyuta kamili yenye mfumo wa Linux: ukiunganisha kibodi na kipanya, waandika barua kama karani ofisini. Mwaka 2023 kampuni ya Lenovo ikatoa Legion Go, yenye kioo cha inchi 8.8, mfumo wa Windows 11, na vishikio vya kuchomoka. Kisha mwaka 2024 kampuni ya One-Netbook ya mji wa Shenzhen, Uchina, ikatoa OneXPlayer X1, na hiyo ndiyo iliyoleta kelele zote hizi.

Kioo cha X1 ni cha inchi 10.95, yaani hakipiti sana daftari la mazoezi. Ukikiacha peke yake, ni kishikwambi. Ukikibandika kibodi yake ya sumaku, ni kompyuta mpakato. Ukikipachika vishikio viwili ubavuni, ni chombo cha michezo. Ubongo wake ni prosesa ya Intel iitwayo Core Ultra, ya namna ile ile inayotiwa katika kompyuta za watu wa ofisini. Basi mtu asidhani kuwa ni kitu cha watoto kilichovikwa nguo za kazi. Ni kompyuta kweli kweli, na ni chombo cha michezo kweli kweli.

Sasa tuitazame kanuni yetu. Husema mambo mawili. Mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita aweza kuleta kompyuta mpakato kwa ajili ya masomo. Na mwanafunzi awaye yote asilete chombo cha michezo. Siku kanuni hii ilipoandikwa maneno haya yalitosha, kwa sababu vitu hivyo vilikuwa viwili na kila mtu aliweza kuvitenga kwa macho. Leo X1 yaja langoni. Bawabu akiikuta na kibodi, huipitisha. Akiikuta na vishikio, huikamata. Mashine ni ile ile, mwenyewe ni yule yule, na moyo wake haukubadilika baina ya barabara na lango. Kanuni ambayo mtu aweza kuivuka kwa kuchomoa vipande viwili vya plastiki na kuvificha katika soksi, hiyo haimzuii ila mtu mwaminifu.

Na tusijidanganye kuwa hatari itaingia na mashine mpya. Kompyuta mpakato zilizoruhusiwa tangu zamani nazo hucheza mpira na mbio za magari, na kila anayelala bweni la wakubwa amewahi kuona mwanga wa buluu chini ya blanketi saa sita za usiku. Kanuni haikuuona mwanga huo kwa sababu ilitazama umbo la chombo. Hilo ndilo neno langu katika makala hii: kanuni ihukumu saa na mahali pa kutumia, isihukumu umbo.

Wanaotaka mashine hizi zikatazwe kabisa hutuambia kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Husema kuwa mwanafunzi aliye na kitabu na mchezo katika kioo kimoja hatafika popote, kwani kidole kimoja tu humtoa katika kemia na kumtia katika vita vya angani. Hoja hii ina nguvu nami siidharau. Lakini tulifikirie panga. Panga hufyeka majani, hupasua kuni, humenya muwa, huchonga mpini wa jembe. Tena laweza kumkata mtu mkono. Shule yetu haikulipiga panga marufuku. Iliweka stoo, ikaweka daftari, ikamweka mtunza stoo. Jumamosi asubuhi mapanga hutolewa kwa hesabu, na kazi ikiisha hurudishwa kwa hesabu. Atakayeonekana na panga bwenini usiku hana la kujitetea, hata akisema lilikuwa butu. Kwa njia hiyo twafyeka uwanja mzima na vidole vyetu vyote tunavyo.

Vile vile mpira wa miguu. Hapana mwalimu aliyesema mpira upigwe marufuku kwa sababu kuna wavulana ambao wangependa kuucheza wakati wa hesabu. Mpira una saa yake, saa kumi hata saa kumi na mbili kasorobo, na una mahali pake. Ukiupiga ndani ya darasa waadhibiwa; ukiupiga uwanjani wapigiwa makofi.

Tena tusiuite mchezo adui wa elimu bila kuuliza. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi katika kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme, ili wageni waliokuja kutazama maabara wasichoke. Ni mmoja wa michezo ya kwanza ya namna hii duniani, nao ulitoka mkononi mwa mtu wa sayansi. Na mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walishinda shindano kubwa la kuifundisha kompyuta kutambua picha, wakitumia kadi mbili za michoro zilizouzwa kwa wacheza michezo. Kazi yao ilisukuma mbele sana elimu ya akili bandia ambayo leo kila mtu huitaja. Kadi zile hazikuumbwa kwa ajili ya chuo kikuu. Ziliumbwa ili magari ya mchezo yaonekane kama magari. Kwa hiyo mwalimu ambaye huona vishikio na kusema "hapa hapana elimu" amehukumu upesi mno.

Pamoja na hayo, siwezi kusimama pamoja na wenzangu wa upande wa pili, wale wanaosema, "Sisi ni watu wazima, tuacheni." Mimi nina miaka 19, nami hupenda kuitwa mtu mzima. Lakini mtu mzima alalaye nyumbani kwake hana watu arobaini waliolala chumba kimoja naye. Akikesha, hujikesheza mwenyewe. Sisi tukikesha huwakesheza kidato cha kwanza waliolazwa karibu nasi, ambao hawathubutu kumwambia mkubwa azime taa.

Madhara ya kuzidisha si hadithi za walimu. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa michezo ya kompyuta. Dalili zake ni hizi: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, tena huendelea hata aonapo kuwa unamharibu, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 ndipo aitwe mgonjwa. Tazameni kuwa dalili hizi hazitaji kioo wala vishikio. Zataja tabia.

Kuna na hesabu nyingine, nayo ni ya umeme. Wanafunzi wa fizikia wataikagua. Betri ya ndani ya Legion Go ina wati-saa 49.2. Tuseme mchezo mzito waila wati 30: betri yaisha kwa saa 1 na dakika 38. Tuseme kuandika na kusoma kwaila wati 10: betri ile ile yakaribia saa 5. Yaani saa moja ya mchezo imekula umeme wa saa tatu za kuandika, au umeme wa taa tatu za wati 10 kwa saa hiyo. Mjini jambo hili si kitu. Hapa petu, siku umeme wa serikali ukikatika na tukabaki na betri za jua, taa tatu ni darasa zima la kujisomea usiku. Mwenye mashine anayecheza saa hiyo hachezi kwa mali yake peke yake. Kwa sababu hii pia kanuni iseme saa, wala isiseme umbo: mashine ile ile mchana wa Jumamosi, jua likiwaka na betri zikiwa zimejaa, haimwibii mtu taa.

Wala mimi si wa kwanza kufikiri hivi. Uchina ndiyo nchi ya kampuni iliyotoa X1, na Lenovo asili yake ni huko huko. Mwaka 2021 serikali ya Uchina iliamuru kuwa watoto walio chini ya miaka 18 wapewe nafasi ya kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hata saa tatu za usiku, siku ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisemi tuige ukali huo wote. Shule si serikali, na saa moja naona ni chache. Nasema tu kwamba watu hao wanaozijua mashine hizi kuliko sisi, walipotaka kuwalinda watoto wao mwaka huo, hawakuandika amri juu ya vishikio. Waliandika amri juu ya saa.

Sasa nitoe shauri, maana kulaumu pasipo shauri ni kazi rahisi.

La kwanza: kila mashine yenye kioo, kubwa kwa ndogo, ya kazi moja au ya kazi tatu, iandikwe katika daftari moja siku ya kufungua shule: jina la mwenyewe, aina ya mashine na namba yake. Iandikwe pamoja na vipande vyake vyote, vishikio, kibodi na chaja, kama panga liandikwavyo pamoja na mpini.

La pili: mashine zilale katika kabati la maktaba, zisilale bwenini. Kila jioni ya siku za masomo zitolewe kwa kutia sahihi, zitumiwe mezani, na vioo vielekee njia apitako kiranja. Vishikio vibaki kabatini. Najua kuwa atatokea mtu wa kuniambia kuwa mchezo huchezwa hata kwa kibodi. Ni kweli, na ndiyo maana nimetaja meza na njia ya kiranja. Kuondoa vishikio hakumzuii mtu kucheza. Humkumbusha tu saa hii ni ya nini. Anayemzuia ni yule apitaye nyuma yake.

La tatu: Jumamosi toka saa nane hata saa kumi, vishikio vitolewe, na michezo ichezwe katika ukumbi wa chakula mbele ya watu. Mchezo uchezwao mbele ya watu una ukomo, kwa sababu mwingine amesimama akingoja zamu, na kengele ya mpira inagonga. Tena mwenye mashine akicheza hadharani, wasio nayo huona na kushangilia na huenda wakapewa zamu. Akicheza chini ya blanketi, wasio nayo hubaki na wivu tu.

La nne: adhabu iwe moja. Mashine ikionekana bwenini usiku, iwe X1 ya mtoto wa tajiri au kompyuta kuukuu ya ofisini, ikae kabatini hata mwisho wa muhula. Leo mwenye kompyuta kuukuu akicheza husamehewa kwa kuwa "ni ya masomo," na mwenye vishikio huadhibiwa hata kama alikuwa akiandika insha. Hiyo si haki, na vijana huiona upesi kuliko wakubwa wadhanivyo.

Shauri hili lina gharama yake. Lataka kabati lenye kufuli imara, lataka mkutubi wa kukaa jioni, lataka viranja ambao hawatapokea zamu ya mchezo kama rushwa. Kukataza ni rahisi zaidi: waandika mstari mmoja na kuubandika ukutani. Lakini kukataza kwa umbo kumekwisha kushindwa, na kila mwaka maumbo yataongezeka. Kesho italetwa mashine ya kukunjwa kama leso, na keshokutwa nyingine tusiyoweza kuikisia. Je, kila mwaka tuandike kanuni upya, na bawabu apelekwe chuo kikuu?

Neno la mwisho ni kwenu, wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili mkiwa mijini na ng'ambo. Wengi wenu mmeanza kazi, na ndugu zenu wadogo huwaandikia wakiomba mashine hizi. Siwaombi mwakatalie. Nawaomba mfanye hesabu. Legion Go ilipotolewa Marekani ilianzia dola 699. Steam Deck ilianzia dola 399. Kwa kijana ambaye atakuwa na kompyuta moja tu hadi amalize chuo, mashine ya kazi tatu si upuzi. Huenda ikawa ni busara, kwa kuwa yashika mahali pa vitu vitatu. Lakini aliye na kompyuta nzima tayari, akiomba nyingine yenye vishikio, huyo aomba vishikio, na afadhali aseme hivyo wazi.

Tena mkinunua, ulizeni habari za vipuri kabla ya kuuliza habari za michezo. Valve walikubaliana na kampuni ya iFixit kuuza vipuri vya Steam Deck na kuonyesha namna ya kuifungua na kuitengeneza. Vijiti vya Legion Go vimeundwa kwa namna ya sumaku isiyosagika upesi. Hayo si mambo madogo katika nchi ya vumbi jekundu, ambako kijiti kikilegea fundi wa karibu ni wa redio.

Na kama mwataka kutuletea zawadi ya shule nzima badala ya zawadi ya ndugu mmoja, basi tuleteeni lile kabati. Mabati na kufuli mbili, rafu za kutosha mashine arobaini, na waya wa kuzichajia mchana jua likiwaka. Barua ya kuliomba kabati hilo nimekwisha kumkabidhi Mwalimu Mlezi wa Chama cha Mijadala, ikiwa na sahihi za wanafunzi wa pande zote mbili za mjadala. Walibishana jioni mbili juu ya mashine. Juu ya kabati walikubaliana kabla chai haijapoa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita